Namba ya Ellis

Jumatano, 11 Oktoba 2023

Mvua tangu asubuhi. Jago Tregear amekuja kunywa chai. Alivua viatu vyake vyeupe mlangoni bila kuambiwa, nikajua ana ombi.

Uwanja wake pale juu ya Porthwenna umekamilika. Una majukwaa, una taa, hauna timu. Ligi haipokei klabu mpya mwaka huu wala ujao. Njia iliyobaki ni moja: kutafuta klabu ya kaskazini inayokata roho, wanachama wake wapige kura, na nafasi yao katika ligi ihamie huku kwetu Cornwall. Klabu ameshaipata. Nililijua jina kabla hajalitaja.

Skelbrough. Wapuliza Chupa. Timu ya mji niliozaliwa, ambako kiwanda cha chupa kilifungwa, mgodi ukafungwa, na raga ya watu kumi na watatu ikabaki kuwa kitu pekee kisichofungwa.

"Bi Avis," akasema, "nikienda mimi watanisikiliza kama wanavyomsikiliza muuza bima. Wewe unaongea kama wao."

Sijui kama bado naongea kama wao. Nilikuja huku kufundisha kwa mwaka mmoja. Imepita miaka hamsini na mbili. Sokoni Porthwenna bado mimi ni yule mama wa kaskazini. Nikienda Skelbrough wananiuliza bahari inaendeleaje.

Nimesema ndiyo. Haraka mno. Huku raga ni ile ya watu kumi na watano, na yetu ilikuwa kitu cha kuchekwa. Nimeihangaikia miaka thelathini: milingoti ya mabomba ya mafundi ujenzi kwenye malisho ya ng'ombe, watoto wachache, mpira mmoja, mwalimu mkuu akinionya nisiingize shuleni mchezo wa makuli. Ninachotaka ni kuona mechi moja halisi ya ligi mahali ninapoweza kwenda kwa miguu. Nikikiandika kinaonekana kitu kidogo.


Ijumaa, 20 Oktoba

Skelbrough, kwa kaka. Ellis alinipokea stesheni amevaa tai ya klabu, mkongojo mkono mmoja, mkono mwingine akang'ang'ania begi langu. Ana miaka themanini na moja.

"Umekonda, mdogo wangu. Huko mnakula upepo?"

Amenipa chumba cha mbele, yeye analala kwenye kochi. Nimekataa, akajifanya hasikii. Sikio lile husikia anachotaka.

Tai ameitundika juu ya mlango wa jikoni, kama siku zote. Chini ya nembo ya chupa imeshonwa namba 611. Kila aliyewahi kuichezea timu ya kwanza ana namba yake, kwa mpangilio wa siku ya kuanza, tangu yule mpuliza chupa wa mwaka 1898 aliyepewa 1. Ukishaipata ni yako mpaka kaburini, na baada yake. Aliyecheza mechi mia nne ana namba moja. Aliyecheza mechi moja ana namba moja.

Ellis alicheza moja. Jumatano ya mvua, Machi 1964, winga alikuwa na mafua. Aligusa mpira mara tatu, mara moja ukamponyoka. Wiki iliyofuata winga akapona.

Klabuni wanamtania hadi leo: "Ellis, tusimulie maisha yako yote ya uchezaji, chai haijapoa bado." Yeye hucheka kuliko wao. Lakini tai ile huipiga pasi mwenyewe, hakuna anayeruhusiwa.

Ameniuliza nimekuja kwa ajili gani. Nikasema: goti lako. Akafurahi kama mtoto. Nimekula viazi vyake na soseji zake, na uongo ukiwa katikati ya meza kama chupa ya siki.


Jumapili, 22 Oktoba

Pai na njegere klabuni. Thelma Oldroyd, mwenyekiti, alinivuta pembeni. Mwanamke mkubwa, sauti ya mtu aliyezoea kuita watu uwanjani.

"Basi kipenzi, nasikia umetumwa na yule wa viatu vyeupe."

Aliniambia mambo yalivyo. Alhamisi wanachama watapiga kura. Ama nafasi yao ya ligi iende Cornwall na klabu iishi huko. Ama wajitoe, wacheze na timu za mitaa hapa hapa, bila mishahara, mbele ya watu hamsini na mbwa. Uwanja ni wa halmashauri, utabaki kwa watoto vyovyote iwavyo.

"Tukijitoa tutakuwa wadogo," Thelma akasema. "Lakini tutakuwa sisi. Jina, rangi, namba. Nataka uniambie tukija kwenu tutakuwa nani."

Nikamwambia watakuwa wao, ila kwenye jua.

Niliporudi mezani Ellis alikuwa ameshaambiwa na mtu. Hakunitazama mpaka alipomaliza njegere zake, moja moja.

"Goti langu linakushukuru," akasema. Halafu, taratibu: "Ungeniambia pale mlangoni, Avis. Chumba ningekupa kile kile."

Tulirudi nyumbani tukiongelea bei ya makaa. Alipofika kwenye ngazi aliniomba mkono. Amenisamehe, kwa hiyo sina hata cha kulalamikia.


Jumanne, 24 Oktoba

Asubuhi nilikwenda uwanjani peke yangu. Milango hawafungi. Chini ya milingoti ya upande wa kiwanda kuna duara ambalo nyasi hazioti. Hapo ndipo yalipo majivu ya Muriel, mke wa Ellis, na ya wengine kabla yake. Mtunza uwanja amewabandikia tangazo: wanaoleta marehemu wawasambaze, wasiwamwage mahali pamoja. Nilikuwa nacheka simu ilipolia.

Tregear. Amefurahi, Thelma amempigia, mambo yanakwenda. Akasema kwamba yeye na vijana wake wa matangazo wamepata jina: Mawimbi ya Atlantiki. Rangi ya bluu na nyeupe. Na kila kitu kianzie mwanzo.

"Kila kitu?"

"Kila kitu. Mchezaji wa kwanza atakayeingia uwanjani Porthwenna atakuwa namba moja. Watu wa huku wapate cha kwao."

Nilisimama kwenye lile duara. Nikahama, nikaona aibu, miguu yangu ilikuwa juu ya Muriel.

Nikauliza kama ameshaamua. Akasema bado, haijaandikwa popote, tutazungumza. Lakini Alhamisi nisiligusie. "Jina wameshakubali litabadilika, Thelma ni mtu mzima. Hayo mengine ni mambo madogo, Bi Avis. Yatawachanganya tu."

Mambo madogo. Ningemweleza, lakini kumweleza ni sawa na kumweleza mtu kwa nini usimwite mama yako kwa namba ya nyumba. Nikasema sawa.

Ellis ametengeneza mkate wa tangawizi. Nimekula vipande viwili.


Alhamisi, 26 Oktoba

Naandika haya kitandani, chumba cha mbele.

Ukumbi ulijaa. Nilisema niliyotumwa kusema. Niliwasimulia malisho ya ng'ombe, na Denzil Pascoe, mtoto wa mvuvi wa kaa niliyemfundisha kukaba kwa kutumia gunia la majani, ambaye sasa ana miaka ishirini na mbili na Tregear ameshamsajili. Niliwaambia mchezo huu unazeeka kwa sababu unakaa nyumbani. Yote ni kweli. Nimeyaamini miaka thelathini na usiku huu bado nayaamini.

Jina jipya waliguna, wakalimeza. Rangi waliguna zaidi.

Halafu Ellis akasimama. Alichukua muda. Mtu wa nyuma akaropoka, "Muda wa nyongeza, Ellis!" wakacheka, naye akangoja wamalize.

"Mimi nataka jambo moja," akasema, akinitazama mimi, si Thelma. "Namba. Zinakwenda na klabu, au zinabaki kwenye kabati?"

Bado. Hilo ndilo neno alilonipa Tregear, na lilikuwa mdomoni mwangu. Ningeweza kusema bado haijaamuliwa. Ungekuwa ukweli wenye mguu mmoja, lakini ungesimama. Nilimwona amevaa ile tai.

"Zinakwenda," nikasema.

Mzee mmoja, namba 702, akauliza kama limeandikwa kwenye mkataba. Thelma akamgeukia: "Uliona wapi mkataba unaoandika kwamba mpira utajazwa upepo? Aliyesema ni binti wa mzee Hepworth, dada yake Ellis. Unataka nini zaidi, muhuri?" Na ukumbi mzima ukaona haya kwa ajili yake. Ndivyo walivyo. Ndivyo tulivyo. Mtu wa kusini angeandikisha.

Ellis hakukaa. Akasema basi yeye anapiga kura ya kwenda. "Mimi nilicheza mechi moja tu. Najua kinachobaki mchezo ukiisha. Kama hicho kinakwenda, twendeni."

Waliotaka kwenda waliwazidi wenzao kidogo tu. Watu waliofuata kura yake niliwaona kwa macho yangu, wakiinua mikono baada ya mkono wake.


Ijumaa, 27 Oktoba

Treni. Alinipa mkate wa tangawizi uliobaki, kwenye karatasi. Uko begini. Siwezi kuula wala kuutupa.


Jumatatu, 6 Novemba

Nimempigia Tregear kila siku tangu nirudi. Leo amepokea. Nilimwambia niliyowaahidi.

Akajibu, bila hasira — afadhali angekasirika: "Sikukuambia uahidi kitu, Bi Avis."

Kweli. Hakuniambia.

Ameahidi kulifikiria. Nimejishika hapo kama mtu anayeshika mkono wa mlango wa chumba kisicho chake.


Jumamosi, 20 Januari 2024

Mazoezi ya kwanza ya hadhara. Baridi, upepo wa baharini, na watu — sikuamini — watu wengi. Wanawake wenye vigari vya watoto. Mzee mmoja wa raga ya kumi na watano, aliyewahi kuning'olea bango langu la mazoezi shuleni, alikuja akiwa na blanketi na chupa ya chai, akajifanya amepotea njia.

Denzil alinikimbilia na matope mpaka masikioni.

"Mwalimu, umesikia? Kocha amesema mimi ndiye nitakayeanza kutoka kwenye handaki la kuingilia uwanjani. Nitakuwa namba moja. Namba moja ya milele!"

Nikasema hongera. Nilimkumbatia, matope na yote. Uso wake haukuwa na hatia hata chembe, na kwa nini uwe nayo.

Kwa hiyo imeamuliwa. Nilimkuta Tregear kwenye ngazi za jukwaa. Safari hii sikuongea kama mama wa kusini-magharibi. Nilimwambia ana namba za watu waliokufa mgodini na waliokufa vitani na mmoja aliye hai anayepiga pasi tai yake kila Jumapili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanionyesha watu.

"Waangalie. Ukimwambia yule mtoto kwamba yeye ni wa 1,142, atahisi amefika kwenye sherehe watu wanafagia. Wewe ulitaka wauone mchezo huu kuwa wao. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

Ndivyo nilivyomfundisha. Sentensi ile ni yangu, niliisema jikoni kwangu, nikajipongeza kwa kuisema vizuri.

Niliangalia mazoezi mpaka mwisho. Pasi tatu za haraka upande wa kushoto, Denzil akateleza kona na kuweka mpira chini, na watu wasiojua hata inaitwaje wakapiga kelele. Nililia. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kabisa kwa muda wa kama dakika moja.


Jumapili, 25 Februari

Ellis hunipigia kila Jumapili baada ya chakula. Leo sauti ilikuwa juu.

"Mdogo wangu, kaa chini. Umekaa? Wameniita."

Msichana wa matangazo wa Tregear amempigia. Wanataka mchezaji wa zamani wa Skelbrough aje kumkabidhi jezi mchezaji wa kwanza, siku ya mechi ya kwanza. Wanaujua utaratibu wetu kiasi hicho: mwenye namba humkabidhi mgeni. Wamesikia pia habari ya mzee wa mechi moja, ikawapendeza. Aliyeisimulia ni mimi. Mwaka jana, kwenye chai.

"Wako 702, wako watu waliocheza fainali," Ellis akasema. "Wamenichagua mimi. Namwambia Thelma, ananiambia nenda, angalau una muda, hukuutumia uwanjani."

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akauliza: kijana atakuwa 1,142, si ndiyo? Kwa sababu wa mwisho wetu, yule mwenye meno, alikuwa 1,141.

Nikasema sijui vizuri mpangilio.

"Utakuwa huo. Haiwezi kuwa vingine. Nimeanza kuizoea mdomoni. Elfu moja mia moja arobaini na mbili. Ni ndefu kwa mtu mwenye meno ya bandia."

Akanikumbusha niwe na pasi nzuri. Jezi hupigwa pasi na anayeikabidhi, mkesha wa mechi, kwa mkono wake. Yeye yake alipigiwa na namba 540, jikoni kwa mama, mimi nikiwa mezani na madaftari ya shule.

Nilikuwa na nafasi hapo. Ningesema: kaka, ngoja. Nikasema nina pasi ya mvuke.

"Zile zinatema maji," akasema. "Nitaleta yangu."


Jumatano, 13 Machi

Nimemwandalia sentensi. Nimeziandika na kuzifuta, mimi niliyefundisha watoto miaka thelathini na tano jinsi ya kuandika sentensi. Kila moja ninaianza na "mimi" na kuimaliza na "Tregear". Niliyoibakiza ni hii: Nilijua kabla ya kura. Ni fupi. Haina Tregear ndani yake.

Nitamwambia stesheni. Kabla hajafika nyumbani, kabla sijampa chai. Safari hii mlangoni.


Jumamosi, 16 Machi

Sikumwambia stesheni.

Treni ilichelewa Plymouth, alishuka amechoka, mguu umevimba, tai imenyooka kama mstari wa uwanja. Pasi ya chuma ndani ya begi, imefungwa kwa taulo. Muda wa saa saba na nusu kwenye treni na mzigo ule. Watu wawili wasiomjua walikuwa wanamsaidia kushuka na wote wawili walishajua atakachofanya kesho.

Teksi ilipita barabara ya kilimani, juu ya uwanja. Akaomba isimame. Alitazama kupitia dirishani, milingoti mipya, bahari nyuma yake.

"Mzuri," akasema. Akaongeza: "Muriel angesema una upepo."

Kisha akanishika mkono, jambo ambalo Ellis hafanyi. "Umefanya kazi, Avis. Nilifikiri unatuhamisha. Kumbe unatupeleka."

Dereva akaondoa gari. Sentensi yangu ilibaki pale juu kilimani.

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Niko chumbani, mlango nimeufunga. Sanduku la jezi lililetwa mchana na Denzil mwenyewe, akiruka ngazi mbili mbili. Liko magotini pangu chini ya daftari hili. Nimelifungua. Bluu nzuri. Kifuani, chini ya wimbi, 1.

Nilikuwa na mkasi. Naandika ukweli: niliutoa kabatini nikikusudia kufumua namba. Skelbrough namba zilishonwa kwa mkono, uzi ukikatwa zinatoka. Hii haina uzi. Imechapwa, laini, ukipitisha kidole huoni inapoanzia. Ndani ya kola kuna kitambaa chenye maandishi madogo: usipitishe pasi juu ya chapa.

Nasikia Ellis anafungua meza ya kupigia pasi. Miguu ya meza inalia, amekataa nimsaidie. Sasa anaimba kidogo, halafu ananyamaza, halafu nasikia anajaribu namba ile, polepole, kwa meno yale. Elfu moja. Mia moja.

Denzil yuko naye. Sikujua kwamba hakuondoka. Nasikia sauti mbili jikoni, ya mzee na ya kijana, na kijana anauliza, kwa heshima yote niliyomfundisha: "Samahani mzee, hiyo ni namba ya nani?"

Nasikia pasi ikiwekwa kwenye kisahani chake.

"Avis," kaka ananiita. Si kwa sauti kubwa. "Pasi imeshika moto. Lete jezi."